Donda Ndugu: Historia ya Jeraha la Mguu Lisilofunga

Lugha ya Kiswahili haikuwa bahili wa maneno kwa jambo hili. Jeraha ni ngozi iliyopasuka leo. Kidonda ni jeraha lililokaa. Donda ni kidonda kilichokua na kupata kina. Na donda ndugu ni lile lililofanya maskani mwilini, likala nyama, likaenea, likakataa kila dawa. Katika maneno haya mna kipimo cha wakati, nacho ni kipimo cha kweli. Matabibu wa leo husema kwamba jeraha la mguu lililopita wiki nne hadi sita bila dalili ya kufunga haliwezi tena kutazamwa kama jeraha la jana. Jeraha jipya lauliza, Nitiwe dawa gani? Donda lauliza swali jingine, zito zaidi: Kwa nini sifungi?

Historia za tiba aghalabu husimulia dawa: nani aliigundua, mwaka gani, na iliwaponya watu wangapi. Historia ya donda la mguu haikubali kusimuliwa hivyo. Dawa yake iliyo kubwa ilijulikana zamani sana, kabla ya hospitali na kabla ya hadubini, nayo ni kuupumzisha mguu. Kilichowashinda watu kwa karne nyingi si kuijua dawa hiyo, bali kumpatia mtu asiyeweza kuketi. Kwa sababu hiyo habari za donda si habari za matabibu peke yao. Ni habari pia za wapagazi, watumwa, mabaharia, vibarua na wakoma: watu ambao miguu yao ilikuwa ndiyo riziki yao, au ilikuwa ni mali ya bwana wao.

Yafaa kueleza kwanza kwa nini donda hupenda mguu kuliko mkono. Mguu uko mbali na moyo. Damu hushuka kwake bila taabu, lakini kurudi juu haina budi kupanda mlima, ikisukumwa na misuli ya shavu la mguu na kushikiliwa na vizuizi vidogo vilivyomo katika mishipa. Vizuizi hivyo vikilegea, damu hutuama chini, mguu huvimba, na ngozi iliyo juu ya kifundo hugeuka nyeusi na ngumu, mwishowe ikapasuka. Mbele ya mguu ni muundi, ambapo mfupa umefunikwa na ngozi nyembamba isiyo na nyama ya kuihami. Chini ni unyayo, unaobeba mwili wote kwa kila hatua, nao hukanyaga mwiba, jiwe, tope na moto. Basi mguu una maadui watatu: damu isiyorudi, damu isiyofika, na uzito usiokoma. Tena yuko wa nne aliye msiri kuliko hao, ambaye ni ganzi. Tutamwona mbele.

Mfano ulio karibu nasi umo katika maandiko ya David Livingstone, yaliyochapishwa London mwaka 1874 baada ya kufa kwake. Katikati ya mwaka 1870 msafiri huyo alikuwa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Wafuasi wake walikuwa wamemwacha, wakabaki naye watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mwishoni mwa mwezi wa Juni alitoka katika kijiji cha Bambare kuutafuta mto Lualaba, akapita katika mvua na matope mpaka miguu ikamshinda. Tarehe 22 Julai alikuwa amerudi Bambare na madonda matatu, akaingia kibandani. Hakutoka tena mpaka tarehe 10 Oktoba. Hizo ni siku 80.

Aliyoyaandika juu ya siku hizo ni ushahidi wenye thamani, maana alikuwa tabibu aliyesomea kazi hiyo, tena alikuwa mgonjwa. Alipouweka mguu chini, donda lilitoa maji yenye damu. Aliona wenyeji wakilikinga donda kwa jani gumu au kipande cha kibuyu, akajaribu, lakini kwake kilichubua. Aliona wafanya biashara waliotoka pwani wakiyeyusha nta ya nyuki pamoja na mrututu, ule unga wa buluu wa shaba ambao wakubwa wetu waliujua sana, wakiipaka ingali moto na kuifunga kwa kitambaa. Dawa aliyoisifu yeye kuliko zote ilikuwa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosuguliwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Akafikiri kwamba kwa kuwa maumivu yake yalikuja na kuondoka kwa vipindi, ugonjwa huo ulikuwa na udugu na homa.

Lakini katika ukurasa huo huo limo jambo linalopita dawa zote hizi kwa uzito. Livingstone asema kwamba madonda ya namna hiyo yalikuwa mengi miongoni mwa watumwa. Kwamba vilio vyao vilisikika usiku katika kambi za misafara. Na kwamba aliyeponea chupuchupu asife nayo aghalabu alibaki kiwete. Hapa msomaji hana budi kusimama kidogo. Mguu wa msafiri na mguu wa mtumwa ulikuwa mguu mmoja. Tope lilikuwa moja, chakula kilikuwa haba kwa wote, na dawa ya mrututu ilikuwamo katika msafara. Tofauti ilikuwa siku 80. Livingstone alikuwa na kibanda, na watu watatu wa kumtekea maji na kumpikia. Mtumwa alikuwa na mnyororo na bwana mwenye haraka ya kufika sokoni. Msafara haumngoji mtumwa mwenye donda.

Je, ni malakiti iliyomponya Livingstone, au ni kukaa kitako? Shaba huua vijidudu, hilo limethibitishwa, kwa hiyo si haki kuidharau dawa yake wala mrututu wa watu wa pwani. Hata hivyo madawa hayo yalitiwa katika miguu mingi isiyopona. Mambo mawili yalitukia pamoja katika kibanda kile, jiwe la kijani na pumziko, na mgonjwa alilipa jiwe sifa yote. Ndivyo ilivyo desturi ya wanadamu. Dawa huonekana kwa macho na huwa na rangi, harufu na bei. Pumziko halionekani, nalo huitwa uvivu linapoombwa na maskini.

Wataalamu wa maradhi ya nchi za joto wangeliita donda lile kwa jina la ugonjwa unaoanza kwa mkwaruzo mdogo chini ya goti, kwa mtu mwenye njaa na miguu myevu, kisha vijidudu vya namna mbalimbali vikaungana kuila nyama kwa siku chache. Wapo watakaodhani kwamba funza ndiye aliyelianzisha. Miaka yakataa. Uenezi mkuu wa funza katika bara la Afrika ulianza mwaka 1872, meli iitwayo Thomas Mitchell ilipotoka Brazil na kutia nanga Ambriz katika pwani ya Angola ikiwa na mchanga wenye wadudu hao. Waliandamana na njia za misafara, wakalivuka bara kwa muda wa kama miaka 25, wakafika pwani yetu na Unguja mwishoni mwa karne ile. Funza aliongeza mlango mmoja wa donda; lakini nyumba ilikuwa imekwisha kuingiwa.

Lisidhaniwe kwamba msiba huu ulikuwa wa Afrika peke yake. Katika maandiko ya Kiyunani yanayohusishwa na Hippocrates, ya karne ya 5 au ya 4 kabla ya Masihi, imo shauri kwamba mwenye donda, hasa la mguu, asisimame, wala asiende, wala hata asiketi, bali alale. Shauri hilo lilirudiwa na matabibu wa Ulaya vizazi kwa vizazi, na lilikuwa shauri jema kwa mwenye shamba na watumishi. Kwa mchukuzi wa bandarini na mwanamke mfua nguo lilikuwa sawa na kumwambia ale nyama kila siku. Katika karne ya 18 hospitali za Uingereza zilijaa watu wenye madonda ya miguu. Mgonjwa alilazwa kwa miezi, donda likafunga, akarudi kazini, likafumuka. Kisha akarudi kitandani. Madaktari wengi waliichukia kazi hiyo, wakaiona ni ya kuchosha na isiyo na heshima.

Mtu mmoja wa mji wa Bristol, mpasuaji aitwaye Thomas Baynton, aliligeuza jambo hili. Mwaka 1797 alichapisha kitabu kidogo kinachoeleza njia yake. Alichukua vipande virefu vya kitambaa chenye gundi, akavizungusha mguuni juu ya donda na sehemu zilizo jirani nalo, akivivuta kwa nguvu ili kingo zikaribiane. Juu yake alifunga bandeji tangu chini kwenda juu, akaagiza iloweshwe kwa maji baridi. Kisha akamwambia mgonjwa aende zake kazini. Madonda yaliyokuwa ya miaka yakafunga. Baynton hakujua vema kwa nini njia yake ilifaa, walakini aliona jambo ambalo vitabu vya wakuu wake havikuliona, yaani kwamba pumziko laweza kufungwa juu ya mguu likatembea pamoja na mwenyewe.

Sababu ilikuja kueleweka baadaye. Tangu mwaka 1676 Richard Wiseman, mpasuaji wa mfalme wa Uingereza, alikwisha kuandika juu ya madonda yatokanayo na mishipa iliyotanuka, akatumia soksi ya ngozi iliyofungwa kwa kamba ili kuubana mguu. Mwaka 1868 John Gay wa London na John Kent Spender wa mji wa Bath, kila mmoja katika kitabu chake, walilichunguza jambo hili kwa undani zaidi. Gay alionyesha kwamba si mishipa ya juu tu iliyo na lawama, bali damu ikiganda katika mishipa ya ndani huacha madhara yanayozaa donda hata kama nje hakuna mshipa uliovimba. Katika miaka ya 1880 Paul Gerson Unna, tabibu wa ngozi huko Hamburg, alitengeneza bandeji iliyopakwa ute wa zinki, ambayo ilikauka mguuni ikawa kama kiatu kirefu. Bandeji zote hizi zina kazi moja: hubana zaidi kifundoni na kulegea kidogo kidogo kuelekea goti, zikaisukuma juu damu iliyotuama. Hata leo, pamoja na elimu yote iliyopatikana, tiba ya kwanza ya donda la mishipa irudishayo damu ni bandeji iliyofungwa na mkono unaojua.

Donda la unyayo lilikuwa fumbo jingine. Hapa tena lugha yetu yatusaidia. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, na sugu ni sifa ya ugonjwa uliozoea mwili ukakataa kutoka. Katika unyayo maana hizi mbili hukutana mahali pamoja, kwa sababu chini ya sugu ndipo donda linapojificha. Mwaka 1884 Frederick Treves, mpasuaji wa London ambaye baadaye alisafiri Uganda na kuandika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1910, alieleza tiba ya donda litoboalo unyayo. Aliilainisha sugu, akaikata kwa kisu pole pole mpaka kina cha donda kikaonekana, akamzuia mgonjwa kukanyaga, na donda lilipofunga akamwonya ailinde ngozi yake daima. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1887, daktari T. D. Pryce alieleza mgonjwa aliyekuwa na madonda kama hayo katika nyayo zote mbili, naye alikuwa na kisukari pamoja na ganzi miguuni. Ushahidi ulikuwa umekwisha kuwekwa mezani: sugu, uzito, ganzi na kisukari. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya ulimwengu kuuunganisha.

Aliyeuunganisha hakuanza na kisukari, alianza na ukoma. Paul Brand alizaliwa India mwaka 1914, mwana wa wamisionari, akasomea upasuaji London, akarudi India mwaka 1946 kufundisha katika chuo cha tiba cha Vellore. Siku zile watu waliamini, na waganga wengi pamoja nao, kwamba nyama ya mkoma huoza yenyewe, kwamba vidole hudondoka kwa sababu ugonjwa umevila. Brand aliwachunguza wagonjwa wake akaona sivyo. Vijidudu vya ukoma, ambavyo Hansen wa Norway alivigundua mwaka 1873, huua mishipa ya fahamu. Mtu asiyesikia maumivu hushika chungu cha moto bila kukiacha, hutembea na msumari katika kiatu kutwa nzima, na juu ya kidonda kilichokwisha kufunuka hukanyaga kwa uzito ule ule kama kwamba hapana kitu. Wengine waliamka asubuhi wakaona sehemu ya kidole haipo; uchunguzi wa usiku ukaonyesha kwamba panya walikuja kuwaguguna wakiwa usingizini. Tangu hapo wagonjwa waliokwenda zao makwao walipewa paka.

Maneno ya Brand yalikuwa mapinduzi, ingawa yalisemwa kwa upole: nyama ya mkoma hupona kama nyama ya mtu mwingine yeyote, ikiwa italindwa na mwenyewe asiyeweza kuilinda kwa kusikia. Katika miaka ya 1930 daktari Milroy Paul wa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, alikwisha kuyatibu madonda ya nyayo za wakoma kwa kuufunga mguu katika bandeji ya chokaa ngumu kama ile ya mfupa uliovunjika. Brand aliiendeleza njia hiyo. Chokaa hiyo hufuata kila umbo la mguu, ikaugawanya uzito wa mwili katika unyayo wote na muundi, badala ya kuuacha uangukie mahali pamoja penye donda. Tena haivuliki. Mgonjwa hawezi kuiacha kitandani aendapo msalani usiku, wala kuisahau nyumbani aendapo sokoni. Baada ya kupona walipewa viatu vya mpira laini wenye vitundu, ili donda lisirudi. Njia ya Baynton ilikuwa imezaliwa mara ya pili: pumziko linalotembea.

Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, Louisiana, penye hospitali ya wakoma ya Marekani. Huko yeye na wenzake waliona kwamba nyayo za watu wa kisukari zilifanana na za wakoma kama pacha. Hayo yalikuwa matokeo ya ushindi mmoja. Insulini ilipoanza kutumika mwaka 1922, watu wa kisukari waliacha kufa upesi, wakaishi miaka mingi. Na katika miaka hiyo mingi sukari iliwaua mishipa ya fahamu ya miguu. Chokaa ya wakoma ikapelekwa kwa watu wa kisukari. Mwaka 1989 wataalamu wa St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio lililowagawa wagonjwa wa kisukari wenye madonda ya nyayo makundi mawili. Kati ya 21 waliofungwa chokaa walipona 19, kwa wastani wa siku 42. Kati ya 19 waliosafishwa donda kila siku na kupewa viatu vya kupunguza uzito walipona 6, nao kwa siku 65. Makundi yote mawili yaliambiwa yasiukanyage mguu. Tofauti ni kwamba chokaa iliwatii waganga, na wagonjwa, kwa kuwa ni watu wenye safari zao, hawakutii.

Mtu akiishia hapa aweza kudhani kwamba kila donda ni la kupumzishwa tu. Historia ya Afrika ya Mashariki yamkanusha. Buba ilikuwa ikiwatoboa watu nyayo na miundi, na pumziko lisingeliiondoa; iliondolewa sehemu nyingi za ulimwengu kwa sindano ya penisilini, katika kampeni kubwa ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1952 hadi 1964. Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliona huko madonda makubwa yenye kingo zilizochimbika chini kwa chini na yasiyouma sana. Kijidudu chake kilielezwa Australia mwaka 1948, na katika miaka ya 1960 ugonjwa huo ulipata jina la wilaya ya Buruli, Uganda, karibu na mto Nili, ambako watu wengi walikuwa nao. Zamani ulitibiwa kwa kisu. Leo hutibiwa kwa vidonge vya rifampisini na klarithromisini kwa wiki nane. Tena liko donda la miaka mingi ambalo kingo zake zimeinuka na kugeuka kansa, jambo ambalo madaktari wa nchi hizi waliliona mara nyingi juu ya makovu ya zamani ya muundi. Anayelifunga donda hilo kwa bandeji bila kulikatia kipande cha kupima anamsindikiza mgonjwa kaburini.

Kwa hiyo kabla ya tiba kuna hukumu, na kabla ya hukumu kuna uchunguzi. Jambo la kwanza ni mahali. Donda lililo upande wa ndani juu ya kifundo, katika mguu uliovimba na kuwa mweusi, aghalabu ni la damu isiyorudi. Lililo chini ya unyayo, limezungukwa na sugu, wala haliumi, ni la ganzi na uzito. Lililo katika ncha za vidole au kisiginoni, kavu, lenye maumivu makali usiku, katika mguu wa baridi, ni la damu isiyofika. Jambo la pili ni mkono wa tabibu: ausikie mpigo wa damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Akiweza, apime nguvu ya damu kifundoni na kuilinganisha na ya mkononi. Ikipungua chini ya sehemu 8 katika 10, asifunge bandeji ya kubana kwa nguvu kabla ya kutaka shauri, kwa sababu bandeji inayoponya mguu mmoja yaweza kuufisha mwingine.

Jambo la tatu ni ganzi, nalo hupimwa kwa kitu duni kabisa: uzi mnene wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Kipimo hicho kilithibitishwa Carville katika miaka ya 1980. Mgonjwa hufumba macho, tabibu hugusa unyayo mahali mbalimbali kwa ncha ya uzi, na asiyeusikia amepoteza mlinzi wake. Jambo la nne ni kina: sindano butu na safi ikigota mfupa ndani ya donda, kuna hofu kwamba mfupa umeingiwa na vijidudu. Mwisho ni rula. Donda lisilopimwa upana wake kila wiki hutibiwa kwa matumaini, na matumaini si kumbukumbu.

Katika mambo yote hayo sijataja bado kitu cha kutia juu ya donda, na nimefanya hivyo makusudi. Sharti liwe safi, nyama iliyokufa iondolewe, na lifunikwe. Mwaka 1962 George Winter, mtaalamu wa London, alionyesha kwa nguruwe kwamba ngozi huota karibu mara mbili upesi zaidi penye unyevu kuliko penye gaga kavu. Basi ile imani ya kwamba kidonda kianikwe juani ilikuwa kosa. Asali, ambayo Wamisri wa kale waliipaka majeraha yao zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ingali ikitumika. Lakini hakuna kitu kipakwacho, kiwe cha bei kubwa au cha bure, kinachoweza kufanya kazi juu ya nyama inayosagwa kwa hatua elfu kadhaa kila siku.

Na hatua hizo ndizo zinazotuletea habari hii mpaka mlangoni petu. Kisukari kimekuwa ugonjwa wa miji na vijiji vyetu. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasijue mpaka asubuhi. Ni habari ya Vellore imerudi baada ya nusu karne, katika ugonjwa mwingine na bandari nyingine. Tangu mwaka 2003 daktari huyo, pamoja na Karel Bakker wa Uholanzi na wengineo, walianzisha Tanzania na katika nchi za Asia ya Kusini mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua. Walimfundisha daktari pamoja na muuguzi kutoka hospitali moja, ili warudi na kufundisha wengine kuchunguza nyayo, kukata sugu, kupunguza uzito juu ya donda na kumfundisha mgonjwa kujitazama mguu kila jioni. Vifaa vyake si vya fahari: kisu, uzi wa nailoni, kiatu, kioo cha kutazamia unyayo. Elimu ya Treves na ya Brand iliwekwa katika mfuko mmoja unaobebeka.

Hata hivyo wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Wengine wamepita kwa muuza dawa mara tano wakinunua poda ya kunyunyiza. Wengine, kwa kuwa donda haliumi, wameliona ni jambo dogo. Na hapo ndipo ganzi inapokuwa adui aliye msiri, kwa sababu mwanadamu huogopa kinachouma na hudharau kisichouma. Wengine wanajua yote, lakini wana kazi. Mlinzi husimama usiku kucha langoni. Mchukuzi wa sokoni hulipwa kwa gunia. Mkulima hawezi kuiahirisha mvua ya kwanza. Ukimwambia mmoja wao akae kitako miezi miwili umempa dawa ya Livingstone bila kibanda chake wala watumishi wake. Atatikisa kichwa kwa adabu, ataondoka, na atarudi siku ya kukatwa mguu.

Wanafunzi wa tiba watakaosoma ukurasa huu watajifunza bandeji na chokaa katika madarasa yao, nao watakuwa mafundi kuliko sisi tunaosimulia mambo ya kale. Neno ambalo historia inaweza kuwaongezea ni hili: kila maendeleo ya kweli katika tiba ya donda yalipatikana pale tabibu alipoacha kumlaumu mgonjwa kwa kutembea, akauliza jinsi ya kumsaidia apone huku akitembea. Baynton aliuliza hivyo kwa ajili ya vibarua wa Bristol, na Brand kwa ajili ya wakoma wa Vellore. Kwa mtumwa wa Manyema hakuwapo mtu wa kuuliza, na donda lilimla mpaka mfupani. Hospitali inayotoa vidonge bure lakini haina bandeji, chokaa wala kiatu, na bosi anayemkata mshahara mtu aliyeinua mguu wake, wote wawili wameliacha swali hilo bila jibu. Jibu lake halihitaji ugunduzi mpya. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mguu wa mti, na ni ndogo zaidi kuliko ya nyumba iliyopoteza mtu aliyekuwa akiilisha.